Wateja Wapite Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka salama. Mema ya leo yaliishia hapo.

Saa mbili kasorobo nikafungua duka. Nikafuta kioo. Nikapangusa kiti cha marehemu baba, kiti cha chuma kinachozunguka ukikibembeleza. Nikatoka nje kunyoosha mgongo, na mbele ya duka langu kabisa nikamkuta dada mmoja ameketi juu ya stuli ya plastiki. Mwavuli. Daftari. Mkononi kidude cheusi. Mtu akipita: ta! Mwingine: ta! Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa kwanza, alipokanyaga kizingiti: ta!

Ng'ambo ya barabara, kaka mwenye kofia. Stuli ileile. Kidude kilekile.

Sikumuuliza dada anafanya nini. Ukimuuliza mpelelezi, anajua kwamba umejua.

Lakini nimejua. Katumwa na shemeji.

Nieleze, ingawa shajara hii ni siri yangu (mama watoto, kama unasoma, iweke chini). Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Mashine ya kunyolea nilimshikisha mimi. Miaka mitatu alifagia nywele humu ndani. Leo ana saluni yake ng'ambo, uso kwa uso na mimi: vioo sita, feni mbili, na aproni zilizochapwa picha ya sura yake kifuani, anacheka. Mwezi uliopita alinijia na upole wake ule wa kuudhi, akasema nikichoka kuhangaika nihamie kwake, kiti cha pili kipo wazi. Nikatarajia mama watoto amkemee. Akasema si wazo baya. Amenipa hadi mwisho wa mwaka: duka lichangamke, la sivyo nifunge, nivae aproni.

Mimi! Nitembee na meno ya shemeji kifuani!

Sasa anataka kujua nina wateja wangapi, akajichekee. Hatajua.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeanza. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma kuna jiko la mama watoto lenye mlango wa uani. Nimewaambia wateja wote wapite huko. Mwalimu mstaafu aliuliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya usalama. Akasema amefundisha miaka thelathini na minne na hajawahi kuingia kwa kinyozi kupitia kwenye sufuria.

Halafu nikawaza: na wapita njia je? Nao ni wateja ambao hawajajijua. Nikamwaga ndoo tatu za maji mbele ya duka. Nikaweka ubao juu ya matope, nikaandika RANGI MBICHI. Hakuna rangi yoyote, lakini watu huheshimu maandishi. Wote wakavuka kwenda ng'ambo.

Dada alibofya mara tisa tu tangu saa nne hadi saa nane. Ng'ambo kidude cha yule kaka kililia kama mahindi kwenye sufuria ya moto. Shemeji anajihesabia wa kwake pia, ili apate cha kulinganisha. Ama kweli ana roho ya mhasibu!

Jumatano, 5 Juni

Ushindi, wenye dosari kidogo.

Wateja kumi na wawili, wote kwa mlango wa nyuma. Fundi seremala alifunua sufuria, akaonja, akashauri chumvi. Mama watoto akamshauri naye, kwa mwiko. Kisha akanigeukia mimi. Akasema nyumba hii ina akili moja tu na hiyo moja anaitumia yeye peke yake. Akaniuliza kama nimewahi kumuuliza yule dada ametoka wapi. Nikamwambia mke wangu, wewe ni mtu mwema, hujui dunia.

Mchana paka alipita mbele ya duka. Dada akamtazama kwa hamu. Hakubofya, lakini niliona kidole kikitetemeka.

Saa kumi akasinzia. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamtazama shemeji ng'ambo. Akanipungia mkono. Kujikaza tu huko.

Alhamisi, 6 Juni

Siku nyeusi. 

Mwalimu mstaafu alikuwa akisubiri zamu ambayo hakuna aliyeishika kabla yake. Kwa kukosa cha kusoma akasogea ukutani, penye bango langu la mitindo ya nywele. Kona ya bango ilikuwa imebanduka. Chini yake akaona mhuri. Akavuta. Mwalimu hawezi kuona maandishi nusu akayaacha.

Lilikuwa tangazo la ofisi ya mipango ya jiji. Nakumbuka lilivyobandikwa wiki tatu zilizopita. Nilidhani ni tangazo la biashara la shemeji, nikabandika bango langu juu yake. Gundi kopo zima.

Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani. Eti barabara yetu itaboreshwa. Jumatatu hadi Jumatano watahesabiwa watu wanaotembea kwa miguu, pande zote mbili. Upande wenye watu wengi utajengewa njia ya matofali, benchi mbili, taa, na kibustani chenye miti mitatu ya kivuli.

Benchi! Kivuli! Kinyozi anaishi kwa watu waliokaa kivulini bila kazi!

Chini kulikuwa na aya nyingine, ya maandishi madogo. Mwalimu alitaka kuendelea. Nikamzuia. Maandishi madogo ndipo wanapofichia uongo wao, na mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili kwa karatasi moja.

Nikatoka nje mbio, taulo begani. Dada alikuwa amerudi kuchukua stuli na mwavuli wake. Anazungumza vizuri, sauti ya upole, shikamoo juu. Nikamwomba ahesabu upya. Akasema hesabu hiyo imefungwa. Upande wangu watu mia moja na kumi na wanane, ambao karibu wote ni wa Jumatatu. Ng'ambo elfu mbili na ushee. Akaongeza, kwa kunionea huruma, kwamba Jumanne lazima nilikuwa na kazi kubwa ya rangi.

Kisha akasema kesho atakuja tena, kuhesabu wanaovuka barabara hapa katikati. Nikamuuliza kwa ajili ya nini. Akasema imeelezwa kwenye tangazo, aya ya pili.

Sikuhitaji kuisoma. Wanaovuka wakiwa wengi, watachora kivuko chenye mistari hadi mlangoni kwangu, na benchi za shemeji zitakuwa chumba changu cha kusubiria. Mtoto mdogo anaelewa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekodi timu.

Ni maveterani wa mpira wa mtaa, wachezaji kumi na mmoja, matumbo kumi na moja. Malipo: kunyolewa bure kwa mwezi mzima. Saba kati yao wana upara. Nilijipongeza kwa hilo njia nzima.

Saa tatu wakaanza kuvuka. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Niliwaagiza wabadilishane kofia na makoti ili wasitambulike. Golikipa alikataa kuvua koti lake la njano, eti ana kifua. Akavuka mara sabini na tatu, kila mara akimsalimia dada upya. Beki wa kushoto alichoka, akawa anavuka na kiti. Dada alibofya hadi akafunga plasta kidoleni. Nikaona aibu, nikampelekea chai.

Kisha, kwenye saa sita, mama mkwe.

Alikuwa anakwenda kumtembelea mwanawe. Akavuka na kikapu chake taratibu, na maveterani wakawa wanarudi wote kwa pamoja, mbio, maana kapteni alikuwa amesikia mpira unaanza redioni. Akajikuta kati ya matumbo na pikipiki. Pikipiki ikafunga breki kwa kelele. Mama mkwe hakuguswa, Mungu mkubwa, ila nyanya zilitapakaa barabara nzima, na golikipa, ambaye katika maisha yake hajawahi kudaka kitu, akadaka mbili.

Nilikimbia kumsaidia, macho chini kama ipasavyo kwa mkwe. Akaniuliza kwa heshima: baba, watu wote hawa wanatafuta nini? Kumdanganya mkwe siwezi. Nikasema wanafanya mazoezi.

Akaenda kwa dada. Wakaongea kwa muda. Mama mkwe akanyoosha kidole barabarani, dada akaandika, mama mkwe akatia sahihi.

Nina hakika anaombea kivuko. Mkwe mwema sana, tofauti na mwanawe.

Jumatatu, 17 Juni

Barabara hii imesubiri kuzibwa mashimo kwa miaka kumi na moja. Uzio umewekwa kwa siku mbili!

Uzio, ndiyo. Wa chuma. Njano na nyeusi. Unafika kifuani. Unaanzia kona ya juu hadi kona ya chini, na katikati yake kabisa, kama picha ndani ya fremu, ni duka langu.

Mwalimu mstaafu amenisomea aya ya pili, safari hii bila kuniuliza. Wanaovuka ovyo wakizidi mia mbili kwa siku, mahali hapo patahesabiwa kuwa pa hatari na patafungwa. Ijumaa tulivuka mia nane na tatu. Tumevunja rekodi ya jiji zima. Nyanya za mama mkwe zimetajwa kwenye ripoti.

Anayetaka kuja kwangu kutoka ng'ambo sasa anatembea hadi kona ya chini, anavuka, anarudi. Na kwenda kwenyewe huko ni lazima apite mlangoni kwa shemeji. Kuna benchi pale. Kuna miche mitatu tayari ina majani.

Wateja leo: mmoja. Mwalimu. Amesema anakuja kwa ajili ya mazungumzo.

Jioni mama watoto alikaa kwenye kiti cha baba, akakizungusha polepole. Hakunisema. Hilo ndilo lililonitisha. Akauliza tu kama kiti hiki kitapita kwenye mlango wa shemeji, au itabidi kifunguliwe vipande vipande.

Usingizi hauji.

Jumapili, 7 Julai

Hatari mpya. Jana limebandikwa tangazo jingine ukutani kwangu. Mhuri uleule.

Mama watoto amelisoma lote, hadi chini, na leo baada ya chakula akanisomea kwa sauti huku ameshika shati langu nisitoke. Eti yeye na mama yake walikwenda ofisi ya mipango, wakakaa foleni siku mbili, wakaniombea. Eti mama mkwe alisema mkwe wake ni mtu mzuri, ila tu asiachwe peke yake. Na eti wamekubaliwa: kesho dada atakaa mbele ya duka kuhesabu wateja wanaoingia kwa mlango wa mbele. Wakifika thelathini kabla ya saa sita, uzio utafunguliwa hapo, na kivuko kitachorwa hadi kizingitini. Nafasi ni hiyo moja tu. Wasipofika, uzio unabaki, na yeye atamwita seremala aje kukifungua kiti cha baba.

Nikamuuliza, kwa utulivu, ni ofisi gani aliyowahi kuona inatoa kitu kwa sababu mtu ameomba.

Akaniangalia kama mtu anayeona maziwa yanafurika na yuko mbali na jiko. Akasema kesho anakwenda sokoni mapema, akirudi akute foleni mlango wa mbele. Akarudia: wa mbele.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Mara ya kwanza nilificha watu, wakaninyima benchi. Mara ya pili nikaonyesha watu, wakanifungia barabara. Je, mtu mwenye akili anaona nini hapo? Kwamba hasara kubwa zaidi ilitokana na kuonyesha.

Jumatatu, 8 Julai

Saa kumi na mbili nimebandika bango la mitindo juu ya tangazo. Gundi makopo mawili.

Saa mbili dada akafika. Stuli, mwavuli, kidude. Akanisalimia kwa tabasamu kubwa, akasema leo anaamini mambo yatakuwa mazuri. Tabasamu la namna hiyo si la bure.

Na leo, kwa bahati ya ajabu, maveterani wote wamekuja kudai kunyolewa kwao bure ingawa mwezi wao umeisha jana, hata wenye upara, ambao wamesema ahadi ni ahadi. Wamekuja na ndugu, na majirani. Mwalimu mstaafu naye yupo. Niliwawahi kona kabla dada hajawaona. Nimewapitisha wote uani, mmojammoja, kimya, viatu mkononi. Golikipa nimemvua koti.

Wateja thelathini na wanne hadi saa tano na nusu! Duka halijawahi kujaa hivi tangu enzi za baba. Wengine wamekaa juu ya gunia la mkaa. Mwalimu amejaribu mara mbili kutoka kwa mlango wa mbele arudi ndani. Nimemkalisha kwenye kiti, nimempaka povu hadi machoni.

Saa sita kamili. Nimechungulia kwenye pazia. Dada anatazama kidude, anatazama mlango, anatazama kidude. Hajabofya hata mara moja. Macho yake yamelowa. Hivyo ndivyo wanavyokuwa wakishindwa.

Namwona mama watoto anarudi na kikapu, bado yuko mbali. Ataona mwenyewe duka lilivyofurika.

Kitu kimoja tu kinanitia shaka. Ng'ambo, shemeji ameanika aproni mpya mlangoni. Ndefu, kipimo cha mtu mzima, na imeachwa pana sana tumboni. Pale kwake wote wembamba. Anamtarajia nani? Lazima nichunguze.