Bahari Iliyohama

Jumatano, 4 Juni
Bosi katangaza: pazia la studio lenye picha ya bustani limechakaa, anataka la bahari, mawimbi yakipiga mwamba. Atakayeleta picha nzuri anatolewa kwenye picha za pasipoti, anapandishwa harusini. Miaka sita nawakataza watu kutabasamu! Mpinzani wangu ni Kifuniko, aliyepata jina siku alipopiga picha za mahafali yote bila kutoa kifuniko cha kamera. Huyo nammudu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata ratiba ya maji ya bahari. Jumamosi yanajaa 6:10. Safi kabisa! Saa sita mchana, jua utosini. Mama mkwe, tunayeishi naye, kauliza hiyo sita ni yetu au ya Kizungu. Nikamjibu kwa adabu kwamba namba ni namba. Mke wangu kaniomba niende na mama yake akapunge upepo. Hajacheka tangu tumzike baba mkwe. Haya. Atabeba stendi ya kamera.

Jumamosi, 7 Juni
Saa sita na dakika kumi, nimesimama tayari. Bahari haipo! Imehama! Matope, mwani na kiatu kimoja cha mtu. Nilitaka kulia. Kugeuka, mama mkwe kavua viatu, kapandisha gauni, anakimbiza kaa huku anacheka mpaka anajishika mbavu. Nikampiga picha moja tu. Nyumbani mke wangu kaitazama, kalia, kanishukuru. Na mimi nimeshukuru, kweli kabisa. Ila mwamba wangu jamani!

Jumatatu, 9 Juni
Kifuniko kaleta mawimbi ya ajabu, na kidole gumba chake kimeziba nusu ya bahari. Asante Mungu! Bosi kaikuza ya mama mkwe, kaiweka dirishani; wapita njia wanasimama wanatabasamu. Ila kwa pazia haifai, kasema, bibi harusi hawezi kupigwa picha na mkwe wa mtu nyuma yake. Katupa wiki moja tena.

Jumanne, 10 Juni
Ile ratiba ilikuwa mbovu. Nimetafuta nyingine: Jumamosi maji yanajaa 12:05. Nikamwambia mama mkwe twende tena, tufike saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Akaitazama ratiba, akanitazama mimi, akasema sawa mwanangu, safari hii atakuja bila viatu. Nina bahati ya mkwe asiye na makuu.