Blanketi la Kioo na Ndafu ya Sifael

Ludovick alipunguza mwendo wa pikipiki alipofika Makumira, kwa sababu aliona gari limefunikwa blanketi usoni.

Halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa refu kama basi dogo, na ndani yake, kwa maelezo ya jirani mmoja aliyekuwa akichungulia uzioni, mlikuwa na kitanda, jiko na choo. Liliegeshwa kiwanjani, kando ya msingi wa nyumba ambao ulikuwa bado haujainuka. Kioo cha mbele na vioo vya milango vilifunikwa kitu kinene cha rangi ya fedha, kilichoshonwa mistari mistari kama godoro. Watu walikuwa wamesimama wanashangaa, na mahali watu wanaposimama kushangaa ndipo Ludovick huhesabu kwamba siku yake ya kazi imeanza.

Kule Kijenge alikoishi walimwita Injinia, ingawa kitu pekee alichowahi kujenga ni visingizio. Aliwahi kuwauzia watu wawili tofauti kiwanja kimoja kisicho chake, kila mmoja akiahidiwa kwamba Mlima Meru atauona peke yake. Mali aliyoipata kwa jasho halali ilikuwa moja tu, hiyo pikipiki nyekundu, na aliipenda kiasi kwamba aliifuta kwa taulo lake mwenyewe la kuogea.

Mwenye gari alikuwa Agnela, mama wa Kimachame aliyefanya kazi ya uuguzi Ujerumani mpaka akastaafu. Alirudi na gari lake hilo kwa meli, na sasa alilala humo huku akijenga. Ludovick alivua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Shikamoo kwa Ludovick ilikuwa kifaa cha kazi, kama spana kwa fundi. Alikuwa nayo ya wajane, ya wazee wa kanisa na ya watu wenye mashamba. Hii aliyoitoa ilikuwa ile ya wastaafu waliotoka nje, iliyojaa huzuni kidogo. Agnela aliitikia marahaba, na Ludovick akaanza kueleza jinsi alivyohudumia magari ya namna hiyo miaka na miaka kwenye kambi za watalii, na jinsi roho inavyomuuma akiona blanketi la kioo limefungwa na mtu asiye na ujuzi.

Agnela alimtazama kwa muda. Kisha akajishika bega la kulia, akasema kwa unyonge kwamba siku hizi mkono haupandi, na anatafuta mtu wa kulifunga blanketi kila jioni na kulifungua kila asubuhi. Ujira ni mdogo, ila chai na maandazi vipo.

"Baridi ya Meru ikishuka bila hili blanketi, vioo vinatoka jasho kwa ndani na mimi naamka godoro limelowa," alimweleza. "Mikanda unaipitisha kwenye saidimira, haya masikio unayabana na mlango. Asubuhi unalifuta kwa kitambaa cha maji matupu. Sabuni ya unga marufuku. Unalianika pande zote mbili, likikauka ndipo unaliviringisha. Usilikunje, na likiwa bichi ndiyo kabisa usilikunje, litaota ukungu. La akiba ninalo kabatini, hilo usiliguse."

Ludovick aliitikia kwa kichwa kila neno. Kati ya yote hayo alisikia moja tu, kwamba kitu hicho kinatunza joto.

Jioni hiyo hiyo alikuwa Sokon I kwa Sifael, mchoma ndafu. Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu ndafu. Mbuzi mzima anachomwa alfajiri, anapambwa, anawekewa jani la sale mdomoni, halafu anangoja. Anangoja mahubiri, anangoja picha za maharusi, anangoja mshereheshaji amalize utani wake. Mpaka anafikishwa mbele ya wakwe, mafuta yameganda, na wakwe wanatafuna huku wanatabasamu kwa kamera. Ndafu ya baridi husimuliwa katika ukoo mpaka watoto wa hiyo ndoa nao waoe.

Ludovick alimwambia Sifael kwamba kimeingia kifaa kutoka Ujerumani, kinaitwa blanketi la ndafu.

"Wajerumani nao wana ndafu?" Sifael aliuliza.

"Wana nguruwe, mangi. Ila kanuni ni ile ile."

Sifael alifikiri kidogo, lakini hakufikiria wageni wa harusi. Alifikiria wachoma ndafu wenzake wa mjini. Akataka kujua kama inawezekana wasikipate wao. Ludovick alisita, akakuna kidevu, akakiri kwamba kwa heshima kidogo ya ziada inawezekana. Sifael akatoa malipo ya msimu mzima pale pale, na kesho yake pikipiki nyekundu ikavaa matairi mapya.

Jumamosi Agnela alikwenda Machame kumwona dada yake, na blanketi likaenda harusini. Ilikuwa ndafu ya ajabu. Walipoifunua ukumbini saa kumi jioni ilitoa moshi, wakwe wakaungua vidole na kufurahi, na mshereheshaji akaomba makofi kwa ajili ya huo moshi. Sifael alikuwa karibu kulia. Ludovick, aliyekuwa kajipangia kiti karibu na meza ya wakwe, alikula kipande cha paja na kujiona mfadhili wa jamii.

Baada ya sherehe alikuta mafuta yameingia mpaka ndani ya mishono. Basi akalimwagia blanketi sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi ya viatu, akalikunja mara nne likiwa bichi, akalitia kwenye kiroba na kuwahi Makumira. Agnela aliporudi, blanketi lilikuwa mahali pake, na Ludovick alikwenda kulala akiwa na amani ambayo watu wengi waaminifu hawaipati.

Asubuhi alikuta mbwa. Mbwa wa Makumira nzima walikuwa wameketi mbele ya gari, kwa mstari, wanakitazama kioo kwa utulivu kama waumini wanaosubiri mahubiri. Agnela alikuwa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai. Alingoja Ludovick aingize pikipiki kama kawaida yake, akafunga geti, kisha akapitisha mnyororo kwenye tairi jipya la nyuma na kuubana kwa kufuli.

"Ludovick, hawa mbwa wanataka nini?"

"Joto, mama. Hii kitu inatunza joto, na mbwa anapenda joto."

"Wamelamba saidimira."

"Joto limefika mpaka huko."

Agnela alimaliza chai yake. Alisema kwamba yeye si mtu wa kugombana. Siku ambayo asubuhi itakucha bila mbwa, Ludovick ataondoka na pikipiki yake. Na ujira, kwa kuwa mishono imeharibika kwa sabuni, basi tena.

Ndivyo Ludovick alivyojifunza kazi. Alifuta kwa maji matupu, mshono kwa mshono. Alianika upande wa fedha, akageuza, akaanika upande wa ndani, akanusa, akafuta tena. Aliliviringisha kwa upole ambao mama yake mzazi hakuwahi kuuona kwake. Jioni alipolifunga halikunuka kitu. Asubuhi mbwa walikuwepo, mstari ule ule, na yule wa kahawia mwenye sikio moja mbele kabisa.

Huku nyuma Sifael alikuwa anapiga simu. Kulikuwa na harusi kubwa ya mfanyabiashara, wakwe wanatoka Kibosho, na alitaka blanketi au fedha zake. Fedha zilikuwa zimekuwa matairi, na matairi yalikuwa kwenye mnyororo. Ludovick aliogopa kweli. Bila ile pikipiki asingekuwa na abiria, asingekuwa na chakula, na asingekuwa na njia ya kumkimbia Sifael. Halafu ghafla Sifael akaacha kupiga, na hilo lilimtisha zaidi.

Ikabaki njia moja. Mchaga akikujia na jani la sale mkononi kuomba msamaha, humkatalii, hata kama amekuchomea nyumba. Ludovick alilichuma kwenye ua wa jirani, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya gari, akalitoa kwa mikono miwili. Alikiri harusi, alikiri mbuzi, alikiri brashi ya viatu. Hata machozi yalikuja, na nusu yake yalikuwa ya kweli.

Agnela alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Toka moyoni."

"Asante, mama. Basi ule mnyororo..."

"Msamaha nimetoa mimi. Pikipiki inasubiri mbwa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitenge, akatoa jani jingine la sale, limenyauka na kung'aa mafuta. "Hili nililitoa kwenye mkunjo wa blanketi ile Jumapili. Mbuzi wako alikuwa ameshaniomba msamaha kabla yako."

Ludovick alirudi Kijenge kwa miguu, akawaza njia nzima, akaamua kwamba kilichobaki ni kupambana na mbwa wenyewe. Atadamka, atawahi kabla yao, na yule wa sikio moja atakutana na jiwe.

Alifika kunakucha, akasimama nje ya uzio. Mbwa walishawahi. Walikuwa wameketi, lakini safari hii hawakukitazama kioo. Walimtazama Agnela, aliyekuwa amepanda juu ya bampa, mkono wa kulia umenyooka juu kabisa kupita wipa, bega zima kama la msichana wa mpira wa pete. Mkononi alikuwa na kijiko. Alikuwa anapaka mshono wa juu mafuta ya mbuzi, taratibu, kama mtu anayepaka mkate siagi, na sufuria aliyokuwa anachotea ilikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni, kama wapishi wa harusi wanavyofanya vyombo vyao visipotee: SIFAEL.

Karibu na geti, kwenye kiti cha pikipiki nyekundu, blanketi la akiba lilikuwa limefungwa tayari kwa safari ya ukumbini. Lilikuwa limeviringishwa, halikukunjwa.

Hasira ilimpanda Ludovick mpaka masikio yakawaka. Kumbe Sifael aliacha kupiga simu kwa sababu alishampata mwenye blanketi. Yeye alikuwa amefanya kazi bure, amesamehewa bure, na matairi yake yalikuwa yanakwenda harusini bila yeye. Kisha hasira ikashuka, na mahali pake pakaja kitu ambacho hakukijua vizuri. Miaka yote aliyokuwa kwenye hii kazi, hajawahi kuiona ikifanywa safi hivyo. Yule mama alikuwa amemsoma siku ile ile ya kwanza, kabla yeye hajavua kofia.

Alisukuma geti. Agnela aligeuka juu ya bampa, kijiko mkononi, wala hakukificha.

"Shikamoo, mama," alisema Ludovick, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na anachokitaka.

"Marahaba. Kitambaa kiko kwenye ndoo."

Ludovick alikichukua, akakikamua, akaanza na mshono wa juu.