Taa Zilizojisitiri

Jumatatu, 4 Agosti

Mjomba Mbarak yuko umra, atarejea Jumamosi. Gari lake, Probox nyeupe, limelala uani petu hapa Mishomoroni, na funguo ziko mfukoni mwangu. Kabla ya kuondoka alitamka mbele ya Mama kwamba akirudi atachagua nani aliendeshe kama teksi: mimi au binamu yangu Junaid. Atakayeonekana kulitakia mema zaidi ndiye atakayepewa.

Junaid ni dereva wa hoteli. Kwake yeye kulitakia gari mema ni kuliosha. Kuliosha! Hata mvua huosha. Mimi nina shahada ya falsafa. Kukitakia kitu mema ni kukiongoza kwenye ukamilifu wake.

Nimelizunguka tangu asubuhi. Kasoro ni moja: taa za nyuma. Nyekundu, za makelele, kama ndimi za watoto waliokula ubuyu. Magari ya wenye hadhi kule Nyali yana taa za rangi ya moshi. Nitazitia giza.

Naitaka kazi hii. Tangu nihitimu nimeomba kazi kila mahali, na Mama ameacha kuniuliza nimejibiwaje.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua karatasi ya tinti Kongowea. Muuzaji aliuliza kama nimewahi kuibandika. Nikamwambia nimesoma. Akasema, "Haya, msomi," kwa namna ambayo sikuipenda.

Maelekezo yalidai joto. Nikachukua draya ya nywele ya dadangu Wardah, ambaye huwapamba maharusi katika chumba cha mbele. Karatasi ikakunjamana. Ikatoa mapovu. Ikawa kama uso wa uji unaopoa. Nikaongeza joto. Draya ikatoa moshi, ikanyamaza milele.

Wardah alitaka kujua nani ameiua. Nilimfafanulia kwamba kila chombo kina ukomo wake. Akasema ukomo wangu mimi utafika kabla ya magharibi. Mama akaingia kati.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nikipita mlangoni, Wardah akimpaka piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mwilini, bibi harusi kutoka Shika Adabu. Piko hukaa mwilini siku na siku, maji na sabuni vikaomba radhi. Itashindwa na plastiki?

Alipotoka kwenda kuswali nikachukua kibakuli chake chote. Nikachanganya na vanishi ya mbao, nikapaka kwa brashi laini. Mara ya kwanza rangi ilikuwa na haya. Mara ya pili ilikuwa na matumaini. Mara ya tatu, utukufu! Nyeusi tititi, yenye mng'ao. Nilisimama pale nikajipongeza kwa sauti.

Kumbe bibi harusi alikuwa amekwisha kupambwa mguu mmoja tu. Maneno yaliyotoka mle chumbani sitayaandika. Kalamu hii ni ya muungwana.

Alhamisi, 7 Agosti

Junaid kaja "kumwamkia Mama". Uongo mtupu. Kaja kupeleleza. Alichutama nyuma ya gari, akaniomba nikanyage breki. Nikakanyaga. Akaniomba tena. Nikamwambia nimekwisha kukanyaga muda mrefu. Akauliza, basi mtu wa nyuma atajuaje kwamba nasimama?

Swali la kitoto! Nikamjibu kwa utaratibu. Kwanza, staha ni kusitiri, na muungwana hatangazi barabarani kila anapositasita. Pili, aliye nyuma ana wajibu wa kuacha nafasi, kisheria na kimaadili. Kwenye la tatu sikufika, alinikatiza.

Junaid alisema, "Wallahi Anwar, wewe ukifa utabishana na mchimba kaburi juu ya vipimo." Mama alicheka hadi akashika ukuta. Huyu ana wivu nami tangu madrasa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa hasira.

Tulikwenda uwanja wa ndege kumpokea Mjomba. Mimi mbele na Probox. Junaid nyuma na gari kubwa la kukodi, limejaa wanawake wa ukoo, na Bibi Johari, mama yake Mjomba, kiti cha mbele kama amiri jeshi. Mjomba alitoka na kanzu yake nyeupe, watu wakamkumbatia, wakalia. Madumu ya maji ya zamzam kutoka Makka yakapakiwa kwenye buti. Mtaa mzima ulikuwa ukingoja funda moja moja. Katika shamrashamra hizo hakuzitazama taa. Njiani alisifu harufu nzuri ya gari. Nilikwisha kujiona teksini!

Kufika Frere Town, tuktuk ikasimama ghafla mbele yangu. Nikashika breki. Nasisitiza: nilishika breki. Junaid hakushika.

Buti likabonyea. Madumu yakapasuka. Zamzam ikatiririka hadi kwenye lami, na wanawake wakashuka na kilio kana kwamba kuna maiti. Bibi Johari hakulia. Alivua leso yake ya juu, akaididimiza ndani ya buti, akaikamulia kikombeni, huku akiwafokea wengine: "Musisimame kama minazi! Kamuani!"

Mjomba alizunguka nyuma. Akauliza taa ziko wapi. Nikamjibu zipo, ila zimejisitiri. Nikaanza kumweleza wajibu wa aliye nyuma. Akainua mkono.

"Anwar, nimetoka kumwomba Mungu subira. Niache nifike nayo nyumbani."

Jumapili, 10 Agosti

Hukumu imetoka. Gari kapewa Junaid. Aliyenigonga! Nilikata rufaa papo hapo. Katika hoja yangu ya nne Mjomba alikuwa amesinzia.

Piko haitoki. Tumejaribu petroli, ndimu, majivu. Wardah anafurahi sana, anasema maharusi wataipenda.

Mama alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani radhi kwa ajili ya zamzam. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua buibui, akasema, "Mimi nilitaka tu upate kazi, mwanangu." Nilipata majibu baada ya chai, lakini alikuwa amekwenda jikoni.

Kuna kifungu cha pili cha hukumu. Taa nyingine hazijapatikana, na Bibi Johari lazima apelekwe kliniki. Mjomba kaamua kwamba hadi zipatikane, taa ni mimi. Nitakaa ndani ya buti, uso nyuma, nikishika tochi nyekundu. Junaid akisema "breki", niwashe.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya kwanza kazini. Mlango wa buti umefungwa juu kwa kamba. Miguu yangu yaning'inia. Junaid anaita breki hata pasipo na sababu, nami nasikia Bibi akicheka. Wenye bodaboda wananipungia mkono. Muuzaji wa tinti wa Kongowea kanitambua, akaniita msomi tena.

Yote hayo nayastahimili. Nisichokistahimili ni hii tochi. Haina staha hata kidogo! Yapiga kelele, yamulika hadi ndani ya maduka. Nimetafuta kabatini, nimepata soksi nyeusi. Kesho kabla ya safari nitaivisha. Moja tu, tena nyembamba. Mwenye macho ataona.