Vipande Viwili vya Cheni ya Amos

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kihesa.
Jana, miezi mitatu baada ya mazishi, tumemaliza msiba. Vitu vya mume wangu Amos vimegawiwa. Koti la mvua kwa baba mkubwa Yohane, viatu vimekwenda Kalenga. Nilinyamaza vizuri. (Suruali moja niliificha chini ya godoro.) Halafu shemeji Sifaeli, mdogo wake marehemu, akasema ataichukua baiskeli ya resi, aifunge keria ya madumu ya maziwa. Keria! Baiskeli ambayo mume wangu aliifuta kwa fulana yake mwenyewe! Nikasema naihitaji mimi. Sifaeli akacheka: "Shemeji, na hayo magoti?"
Baba mkubwa akakata shauri. Jumamosi ya tarehe 14, kila mmoja ataipanda kutoka daraja la Ipogolo, kupandisha kilima, hadi mjini. Atakayefika bila kuweka mguu chini, ni yake. Nikakubali haraka mno. Kilima kile hata Amos alikuwa anashuka njiani. Mimi nimeendesha Kalenga tu, kwenye tambarare, yeye akinishikia kiti kwa nyuma.
Leo asubuhi nimekuta kanga niliyoifunikia baiskeli imekunjwa mara nne. Mimi nakunja mara tatu. Naishi peke yangu.

Jumatano, 4 Juni.
Nina hila! Fundi Anania ameniambia kwamba kaseti, lile fungu la meno la gurudumu la nyuma, inabadilishwa. Duara kubwa la kwetu lina meno ishirini na tano. Ukiweka la thelathini na nne, kilima kinalainika kabisa. Zinapatikana Mbeya, kwa Moiz muuza spea. Katika ukoo mzima hakuna atakayehesabu meno. Nimewaambia nakwenda Mbeya kumwona mgonjwa.

Ijumaa, 6 Juni. Mbeya.
Duka la Moiz ni dogo, linanuka mpira na udi. Kabla sijamaliza salamu ameweka boksi mezani. Akasema hili la mama wa Iringa, mzee wako aliliacha Jumanne, akasema mkewe atakuja.
Nikamwambia mzee wangu tulimzika mwezi Machi.
Moiz akaangalia boksi, akaangalia mlango. Akasema labda amechanganya siku. Boksi halikuwa na vumbi. Juu yake peni imeandika "Vere", na ile V ya Amos yenye mkia. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita Vere.
Ndani: kaseti, na vipande viwili vya cheni vimefungwa kwenye gazeti. Moiz akanionya mara tatu. Mkono wa gia, kile kidude kinachoning'inia nyuma na kuhamisha cheni, wa kwetu ni mfupi, mwisho wake meno ishirini na nane. Ninunue mrefu, na cheni niiongeze kwa vile vipande. Nikakataa kwa upole. Mkono ule una mkwaruzo wa pete ya Amos. Na cheni aliipima mwenyewe Jumamosi Kuu ya mwaka jana, akihesabu pini kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Niikate ili niiongeze? Kamwe.
Vile vipande viwili nitavihifadhi kwenye droo, pamoja na miwani yake.

Jumatatu, 9 Juni. Kihesa.
Anania ameifunga kaseti, akiguna. Amekaza skrubu ya mkono wa gia hadi mwisho ili usikwaruze duara kubwa. Bado unalia kidogo, kama paka aliyefungiwa nje. Akasema mama, cheni ni fupi: ukiwa na duara kubwa nyuma, mbele, kwenye pedali, weka dogo. Kubwa kwa kubwa, itajikaza na kung'oa kila kitu. Nimeelewa. Mimi si mtoto.
Niliporudi kutoka sokoni, vipande viwili vya cheni vilikuwa juu ya kiti cha baiskeli. Nimevirudisha kwenye droo.

Alhamisi, 12 Juni.
Ukungu tangu asubuhi. Vipande vipo tena kwenye kiti. Nimevirudisha. Nikasema kwa sauti: Amos, umeanza tena kuacha vitu ovyo. Sebuleni gurudumu la nyuma likazunguka taratibu, tiki, tiki, likasimama.

Jumamosi, 14 Juni.
Ukungu mzito Ipogolo. Ukoo wote, na chai kwenye chupa.
Sifaeli alianza. Kwenye kona ya kwanza akapotea ukunguni, kisha akarudi akiikokota, uso umepauka. Akasema kuna mtu alimshika kiti kwa nyuma, akamvuta. Shangazi wakacheka sana. Sifaeli hakucheka.
Zamu yangu. Suruali ya Amos, mikunjo miwili. Watu wakitazama, nikaweka duara kubwa mbele ili nionekane nina nguvu. Kilima kikaanza. Nikahamia la thelathini na nne nyuma. La mbele nikalisahau.
Kwenye kona ile nikaukuta mkono wa mtu nyuma ya kiti. Mimi haukunivuta. Ulinisukuma, kama Kalenga. Nikalia kidogo, nikakanyaga. Kra! Cheni ikajikaza, mkono wa gia ukang'oka, pedali zikagoma.
Lakini sikuanguka. Baiskeli ilisimama wima kilimani, miguu yangu yote miwili juu, kwa muda wa Salamu Maria nzima. Nyuma yangu mtu anahema. Harufu ya sabuni yake. Nikasikia ukoo unapanda. Nikanong'ona: niachie, Amos, wanatuona.
Akaniachia. Nikaanguka shambani kwa watu.

Jumatatu, 16 Juni.
Hakuna aliyeshinda. Baba mkubwa alitaka turudie, ila Sifaeli amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni, hataki hata kuingia. "Shemeji, kaa nayo. Mimi maziwa nitabeba kichwani." Baiskeli ni yangu!
Mkono uliovunjika nimeuweka kwenye droo. Vile vipande viwili leo nimevikuta ndani ya kikombe changu cha chai. Nimevirudisha.
Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi. Ni wazi: meno thelathini na nne ni machache. Nimempigia Moiz aniwekee la arobaini, na mkono mwingine mfupi kama ule. Cheni ninayo.
Moiz akasema boksi liko mezani tangu jana, na safari hii lina vipande vinne.
Vizuri. Droo bado ina nafasi.