Namba 214 Chini ya Kuku

Jumatatu, 3 Machi
Kuku ametaga saba. Nimemficha kwa stoo, maana hapa Membley wamekataza kuku. Eti estate ya heshima. Heshima gani bila mayai? Alitaka kiota. Kwa meza ya binti yangu Idah nikapata gazeti, ndani nyasi kavu imelazwa kama maiti. Nikachukua nyasi, na gazeti lake. Kuku ameipenda sana.

Jumanne, 4 Machi
Ngai! Idah ametafuta mpaka chini ya kitanda. Eti hiyo si nyasi tu. Najua kazi yake ni kuhifadhi mimea iliyokauka, lakini nani angejua wanahifadhi hata magugu? Amesema ilishawahi kuchumwa mara moja tu, zamani za mkoloni, juu ya mlima kule jangwani kaskazini. Ya pili ndiyo hii yake. Alipanda siku tatu, miguu ikatoka malengelenge. Ameandika kila kitu kwa karatasi: mlima, tarehe, namba 214. Bila mmea wenyewe, karatasi ni porojo. Keshokutwa mkubwa wake, Ouma, anautaka.
Nikamwambia wasomi hupoteza vitu. Kuirudisha? Kuku ameilalia! Ukimsumbua anasusa mayai.

Jumatano, 5 Machi
Idah alisema bua lake lina pembe tatu. Si hata ndago, lile gugu la shambani, iko hivyo? Nimeing'oa miaka arobaini, nani atanifunza? Nikaenda kwa mtaro nje ya geti. Kavindu, nyanya wa nyumba ya pili, yule wa Ngoliba mwenye macho ya mwewe, akaniuliza tangu lini watu wa Membley wanaiba ndago, kwao mbuzi hupewa bure. Nikasema ni dawa ya mgongo. Akauliza mgongo wa nani, wa mbuzi?
Nikapiga ndago pasi mpaka ikakauka. Nikaiweka kwa gazeti lile lile, nyuma ya kabati. Idah akalipata, akachungulia kidogo, akafunga haraka isivunjike. Akanikumbatia.

Ijumaa, 7 Machi
Haiya! Ouma ameona udongo mwekundu kwa mizizi. Wa hapa kwetu Ruiru! Kule mlimani ni mawe meusi. Sasa anadhani Idah hakupanda mlima wowote, aliokota kitu njiani. Jumatatu ajieleze au aache kazi.
Idah amekaa kwa ngazi analia bila sauti, vile alilia tukimzika baba yake. Nikavaa viatu nikimbilie kwa dada yangu Makongeni. Nikavua. Nikamwambia yote.
Hakunigombeza. Hapo ndipo niliogopa kabisa.
Tukaenda kwa stoo. Kuku akanidonoa mara tatu. Chini ya mayai, mabua manne mazima, vichwa vyote viko. Na kinyesi kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Ouma ameweka kioo cha kukuzia, akasema ndiyo yenyewe. Idah amebaki na kazi! Kwa karatasi ya namba 214 wameongeza kwamba ililaliwa na kuku. Kuku wangu ameandikwa ofisini. Mbuzi wa kwao Kavindu wameandikwa wapi?
Idah ameniapisha kwa Biblia: nisiguse gazeti lake lolote tena. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu.
Lakini kuku hana kiota, na ameanza kususa. Jioni Idah ameleta mmea mwingine. Laini, umekauka vizuri, umefungwa kwa karatasi ya khaki.
Khaki si gazeti.