Keki ya Nyama kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 27 Machi

Mwaka huu Lowell hanipati. Narudia: hanipati!

Lowell ni mwanyumba wangu. Ameoa Janelle, mdogo wake Marlys, mke wangu. Kila Siku ya Wajinga tunakula kwa mama mkwe, Ardis, na mimi na Lowell tunaleta kila mtu chakula chake cha jioni kilichojifanya kitindamlo. Atakayemfanya Mama ale akidhani ni kitu kitamu, kisha Mama ashtuke na kukiri kwamba amepatikana, anakabidhiwa ufunguo wa nyumba yake ya ziwani kwa wiki ya sikukuu ya Uhuru, tarehe nne Julai. Mwaka jana Lowell alimlisha aiskrimu ya viazi vya kuponda, mchuzi wa nyama juu badala ya chokoleti. Mama akapiga yowe. Ufunguo ukaenda. Sisi tukapewa wiki ya mbu.

Leo Marlys amenitangazia kwamba nikishindwa tena, yeye atakwenda ziwani na dada yake na mimi nitabaki nyumbani. Nimemuuliza kama anatania. Amesema hatanii, akaendelea kukunja nguo.

Haidhuru. Nina wazo. Keki ya nyama ya kusaga, ghorofa tatu! Viazi vya kuponda badala ya krimu. Maji ya bitiruti vipate rangi ya waridi. Nyanya ndogo juu badala ya cheri. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Jumamosi, 29 Machi

Hasara tupu. Viazi vilikuwa bado vya moto, vikateremka vyote kama theluji paani. Ghorofa ya juu ikavifuata mpaka sakafuni. Bitiruti imenitia rangi hadi viwiko. Jirani amechungulia dirishani akauliza kama aite gari la wagonjwa.

Nimekwenda dukani kununua viazi vingine, na nani yuko mbele yangu kwenye foleni? Lowell! Kikapuni ana unga, mayai, sukari, siagi, nazi ya paketi. Nimemuuliza kwa ujanja wangu wote anapika nini mwaka huu.

“Keki tu, mwanyumba,” akasema. “Mwaka huu nimechoka.”

Keki tu! Mimi nimezaliwa jana? Ndani ya keki hiyo kuna samaki. Naapa.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada, tukinywa kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, nimembana Janelle. Mumeo anapika nini? Keki. Keki ya nini? Ya nazi. Ndani mna nini? Keki. Akaniuliza kama nalala vizuri siku hizi. Wamefundishana uongo nyumba nzima!

Alasiri nimejaribu tena, safari hii viazi vimepoa. Imesimama! Nimeizunguka mara kadhaa kuitazama. Marlys ameonja kipande, amesema ni “tofauti”. Kwetu Minnesota mtu akisema chakula ni tofauti, ujue kimemshinda. Ameongeza kwamba huenda mama yake akakila bila kusema neno, maana ndivyo alivyolelewa. Marlys hana jicho la mbinu.

Jumatatu, 31 Machi

Samaki gani? Hilo ndilo swali. Nimeliwaza kutwa nzima kazini mpaka tanuri la kupasha joto nyumba ya mteja nikalifunga bomba kinyumenyume. Nimerudi kulifungua, mteja amesimama nyuma yangu akisema si neno, wala usijali, huku meno ameyauma.

Nadhani ni samaki wa siki.

Jumanne, 1 Aprili

Nimechoka. Nitaandika kama yalivyotokea.

Keki yangu iliingia kwanza. Waridi, nyanya zinang'aa. Mama akasema yeye ameshiba. Nikamkaribisha tena, akasema labda baadaye. Nikamkaribisha mara ya tatu, kama adabu ya kwetu inavyotaka, akasema basi, kipande kidogo tu. Mambo yanakwenda! Akatia mdomoni. Akatafuna. Nikajishika kiti nikingoja yowe.

Akasema ni tofauti kidogo. Akamega tonge jingine.

Janelle akala. Lowell akala, akaomba chumvi. Mama akamaliza kipande chote, akafuta mdomo, akaniuliza kama barabara bado ina barafu. Barafu! Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama hakuona chochote kwenye ile keki. Akasema aliona. Basi mbona hakushtuka?

“Nilidhani ndivyo unavyopika, Verlyn,” akasema kwa upole. “Nisingekuaibisha mbele ya mke wako.”

Marlys aliangalia sahani yake. Kanuni ni kanuni: hakuna kushtuka, hakuna ufunguo. Nimeponzwa na adabu!

Ndipo Lowell akaleta yake. Nyeupe, nazi juu, kimya kabisa. Mama akasema hapana, asante. Akakaribishwa mara ya pili, hapana. Ya tatu, bado hapana, na hilo katika nyumba ile sijawahi kuliona. Mama naye alikuwa anaogopa. Nikasimama. Nikawaambia asiguse mtu, mimi nitaufichua uongo huu hadharani. Nikaitia kisu: keki. Nikakata upande wa pili: keki. Nikanusa. Nikaingiza vidole. Nikawaambia basi samaki yuko chini, nikaipindua sinia.

Zulia la Mama ni la rangi ya maziwa, angalau hilo.

Lowell akainama, akaokota kipande kilichokuwa safi, akampa Mama. Mama akaonja. Akaanza kucheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, akakiri kwamba ameogopa keki nzuri kama mtoto. Ameshtuka na amekiri. Akavua ufunguo shingoni akamvisha Lowell.

Njia nzima ya kurudi Marlys alitazama dirishani. Nilimuuliza kama amekasirika, akasema hapana. Amekasirika.

Jumatano, 2 Aprili

Lowell amepiga simu. Anasema tuje wote ziwani Julai. Kitanda kipo, Mama amependa, na Marlys akija peke yake hatafurahi. Sharti moja tu: nisipike.

Nikamuuliza mtego uko wapi. Akasema hakuna mtego.

Nimekata simu nikacheka. Hakuna mtego! Sauti ileile kavu ya dukani. Marlys amekaa karibu nami, amenishika mkono, amesema, “Verlyn, wanataka tu uwepo. Hata mimi nataka.” Macho yalikuwa yamemlowa. Maskini, na yeye wamemwingiza kwenye njama bila kujua.

Lakini mtu haumwi na nyoka mara mbili kwenye shimo moja. Nimempigia Lowell nikamshukuru kwa adabu zote, nikakataa. Akaniomba tena, nikakataa. Akaniomba mara ya tatu, nikakataa! Marlys ameshaanza kutafuta sanduku lake, na Julai bado iko mbali.

Wiki nzima, jiko lote langu kwa majaribio ya mwakani, bila mtu wa kunichungulia. Wamejipalia makaa wenyewe.