Kanisa Kuu, Masikio Yote Mawili Yaonekane

Jumatatu, 6 Oktoba

Kanisa kuu letu linatimiza miaka mia. Jana baada ya misa Paroko alitangaza kwamba inatafutwa picha moja ya kanisa, nyeusi na nyeupe. Itakuzwa mita mbili na kutundikwa mlangoni daima, jina la mpiga picha likiwa chini yake. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa asubuhi. Inafunuliwa Jumapili.

Daima! Nimepiga picha za pasipoti miaka ishirini na miwili. Picha zangu zimevuka mipaka yote, mimi sijavuka hata mmoja. Na hakuna iliyowahi kutundikwa mahali popote.

Nimemwambia mke wangu. Naye akaleta habari ya bafu.

Tangu Aprili bafu letu ndilo chumba changu cha giza. Dirisha nimeliziba kwa blanketi, mabeseni ya dawa ya filamu yamejaa sakafuni, picha zinakauka pale zilipokuwa taulo. Familia inaoga kwa jirani, fundi cherehani, ambaye siku hizi anatusalimia kwa kifupi. Sasa mama mkwe anakuja Jumapili kukaa wiki tatu. Mke wangu amesema hawezi kumvusha mama yake uani na ndoo mkononi.

"Jumapili picha yako ikiwa ukutani, bafu ni lako mpaka kiama. Isipokuwepo, bafu linarudi kuwa bafu."

Tumepeana mikono. Wake ulikuwa na povu.

Shemeji, kaka yake, naye anashindana. Anapiga video za harusi. Ana droni, kidude kinachopaa chenyewe na kupiga picha huko juu, kama nzi aliyesoma. Sina wasiwasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa moja asubuhi nilikuwa uwanjani. Nimelizunguka kanisa mara tatu kwa jicho la kitaalamu. Limejengwa kwa mtindo wa Kigothi: kila kitu kimechongoka kwenda juu, madirisha, milango, hata vipini vya milango. Nje kuna nguzo za mawe zilizoinama kuegemeza kuta, kama wanaume kumi wanaosukuma basi bovu. Wengine huona uzuri. Mimi niliona makosa.

Kanuni za picha ni nne, na hazibadiliki eti kwa sababu mteja ni jengo. Kichwa wima. Masikio yote mawili yaonekane. Hakuna kucheka. Nyuma pawe peupe.

Masikio: minara ipo miwili, ila wa kushoto ni mfupi. Wajenzi walichoka. Nimeinamisha kamera mpaka minara ikalingana. Kanisa likaonekana linaanguka. Nimeinyoosha.

Kucheka: ukingoni mwa paa kuna masanamu ya mawe yanayotapika maji ya mvua. Kumi na sita, yote midomo wazi. Nimemwomba Mzee Funguo, mtunza sakristia, chumba cha mavazi ya misa, apande akaizibe midomo kwa matambara. Akanijibu kwamba ana miaka sabini na moja, na kwamba masanamu yamekaa vile tangu kabla hajazaliwa. Huo si utetezi.

Nyuma: kuna tangi la maji na ghorofa lenye tangazo la rangi za kuta. Nimekwenda nyumbani nikachukua mashuka meupe sita, fundi cherehani akayaunga (hakuongea), nikayatundika kwa kamba nyuma ya kanisa. Mnara una mita arobaini. Mashuka yalifika dirisha la choo cha Paroko.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi anafuta droni yake. Akapaza sauti ili watu wote wasikie.

"Shemeji, kanisa linasafiri lini?"

Wakati huo mke wangu alikuwa anapita kutoka sokoni. Aliyatambua mashuka. Niliona anayahesabu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nje pameshindikana. Leo nimeingia ndani.

Ndani ni kuzuri, sikatai. Nguzo kumi na mbili, matao yanakutana juu kama vidole vya mtu anayefikiri, na mwisho kabisa dirisha la duara linamwaga mwanga sakafuni. Shida ni watu. Kanisa halikosi watu. Kuna wapanga maua, kuna wanakwaya, kuna mama mmoja anayekuja kupumzisha miguu.

Lakini nina akili. Kamera yangu ni ya sanduku, ya zamani. Lenzi nikiibana mpaka ibaki tundu la sindano, filamu inahitaji dakika nane kuona. Kwa dakika nane anayetembea haonekani. Filamu haimwahi. Anayetulia ndiye anayebaki. Kwa hiyo dawa ya watu si kuwatoa, ni kuwatembeza!

Nilikuwa na kipande kimoja cha filamu kilichobaki. Kimoja. Nikatangaza kwamba kila aliyemo atembee mpaka nitakapopiga filimbi. Wanakwaya wakasema wana mazoezi. Nikawaambia waimbe wakitembea. Wakatembea. Wapanga maua wakafuata na maua. Yule mama akavua viatu akajiunga. Dakika ya tatu Paroko akatokea sakristia, akaona watu arobaini wanazunguka wakiimba, akadhani ni maandamano aliyoyasahau kwenye ratiba. Akaja mbele akaongoza.

Dakika ya nne, Shemeji. Aliingia, akaelewa mara moja (hilo ninampa), akaenda kukaa benchi la mbele katikati kabisa. Akakunja mikono. Akatulia kama nguzo ya kumi na tatu. Nikamwendea kwa adabu, nikamnong'oneza kwamba kunguru wawili wanaifungua droni yake pale ngazini. Akatoka mbio. Alikaa dakika moja na nusu tu. Atakuwa moshi.

Dakika ya nane, filimbi. Kazi imekwisha. Kanisa kuu la Kigothi, tupu, bila kiumbe. Nimejipongeza kwa soda.

Paroko ameniuliza kwa faragha hayo maandamano yalikuwa ya mtakatifu yupi. Nimemwambia nitaangalia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesafisha filamu asubuhi. Nimechapa picha moja, ya ukubwa wa daftari. Ilipoanza kujitokeza ndani ya beseni nilishika ukuta.

Nguzo kumi na mbili, kali. Matao, kila jiwe. Mwanga umelala sakafuni kama shuka lililopigwa pasi. Watu arobaini, hakuna. Shemeji, kamoshi kembamba.

Na kando ya nguzo ya tatu, kwenye kiti chake, Mzee Funguo. Kichwa kifuani, mikono imekutana, funguo mapajani. Amelala usingizi wa pono. Hakutikisika dakika zote nane. Unaweza kuhesabu funguo. Ni kumi na tisa.

Amefumba macho! Ofisi yoyote ingeirudisha picha hii dirishani bila maelezo.

Mke wangu aliingia kutafuta dodoki lake la Aprili. Akaiona picha. Akasimama akiitazama muda mrefu mpaka maji ya beseni yakapoa. Akasema nisiiguse, niipeleke ilivyo. Nikamweleza kwa upole kwamba hajui kazi hii, kwamba sikio moja limefichwa na nguzo, na kwamba naenda dukani kununua wembe wa kumkwangua Mzee kwenye filamu.

Niliporudi, picha haikuwepo. Wala mke wangu.

Ameipeleka mwenyewe ofisi ya parokia, ikiwa bado mbichi. Karani akamwuliza jina, naye akatoa lake, limeandikwa daftarini. Jambo dogo. Litarekebishwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kamati imekaa. Mimi na Shemeji tulisubiri kwenye korido, viti viwili, hatukutazamana.

Tulipoitwa ndani, picha yake ilitangulia. Kanisa kutoka juu, paa lote, minara, kivuli kirefu. Nilianza kutokwa jasho. Kisha mwenyekiti akavaa miwani, akauliza ni nini kile kilichoanikwa katikati ya minara miwili. Wakapeleka picha dirishani. Zilikuwa kanzu mbili za Mzee Funguo na nguo zake nyingine, ambazo kamati haikuzitaja kwa majina. Miaka mingi anaanika huko. Anasema pana upepo. Kwa mita mbili, mlangoni, daima, ikaonekana haifai.

Kisha yangu. Paroko akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Watu wote hupita humu," alisema. "Huyu mmoja ndiye aliyebaki anasali."

Mzee Funguo aliitwa. Akaulizwa alikuwa anaomba nini saa ile. Akafikiri. Akasema alikuwa anaomba nguvu.

Nimeshinda! Kesho saa saba nipeleke negativu, ile filamu yenyewe ambayo weupe na weusi vimegeuzwa, kwa mchapaji aikuze. Shemeji amenipa mkono, akasema mambo ya bahati hayo. Nyumbani mke wangu naye amenipa mkono, akachukua ndoo na sabuni, akaelekea kwa jirani. Bafu ni langu mpaka kiama.

Ila yale macho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Haiwezekani. Jina langu likae daima chini ya mteja aliyefumba macho? Wenzangu wa pasipoti watapita pale mlangoni. Wataona.

Kwenye negativu, penseli ikipita patatoka peupe, wembe ukikwangua patatoka peusi. Hiyo ni kazi ya kila siku. Nimefuta chunusi za mji mzima.

Saa mbili. Nimemfungua macho, nukta mbili za penseli. Nimechapa jaribio. Anaonekana kama mtu aliyekanyagwa.

Saa tatu. Nimemwongezea sikio lililofichwa. Limezidi lile jingine.

Saa nne. Nimeamua aondoke kabisa, kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Wembe. Ameondoka. Funguo zimebaki hewani.

Saa tano. Funguo zimeondoka. Kiti kimebaki na mguu mmoja. Nimekiondoa.

Saa tano na nusu. Nguzo aliyoiegemea haina tena sehemu ya chini. Nguzo inayoning'inia haina heshima. Nimeiondoa. Jirani yake ikabaki peke yake, sura mbaya. Nimeiondoa nayo.

Saa sita na nusu. Nimesimama. Fundi hujua pa kusimama. Jaribio la mwisho sikuchapa, karatasi zimeisha.

Mchapaji ameinua negativu kwenye mwanga, akauliza kama ni picha ya mapafu. Vijana wa kompyuta hawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe amefika asubuhi na masanduku matatu, tukaenda naye moja kwa moja misani. Alikaa benchi la mbele. Mlangoni lilining'inia pazia jeupe. Paroko akavuta kamba.

Mita mbili za weusi. Juu kabisa, ukitafuta, kipande cha tao na nusu ya dirisha la duara.

Kisha sauti ya mama mkwe, isiyo na ubaya wowote, ikauliza kama hilo ni pazia la pili na lenyewe linavutwa wapi.

Nikasimama kueleza kuhusu macho. Paroko akaniomba nikae. Akaenda ofisini, akarudi na ile picha ya ukubwa wa daftari aliyoleta mke wangu, akaitundika mwenyewe kwenye msumari uleule. Watu wakapanga mstari kuiona, wanainama, wanakaribia. Mzee Funguo amewekewa kiti pembeni, anapokea pongezi. Macho wazi, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Karani akaleta kibao cha jina, kilichonakiliwa kutoka daftarini. Jina la mke wangu. Ameitwa mbele, amepigiwa makofi. Shemeji alipiga ya mwisho, tena ya taratibu, ananitazama mimi.

Tulipofika nyumbani nilimkumbusha mke wangu kwamba picha iko ukutani.

"Iko," alisema. "Nilisema picha yako."

Akang'oa blanketi dirishani. Mama mkwe ameoga saa moja na dakika kumi, akiimba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mabeseni yangu yako uani. Kuku wa fundi cherehani ameonja dawa, hajambo. Fundi amenisalimia kwa kirefu.

Nimelitafakari tatizo kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja tu: penseli. Ilikuwa ngumu mno. Nimenunua laini.

Nimepita kanisani mchana, eti kusali. Kitubio, kile kijumba cha mbao cha kuungamia, kiko upande wa kulia. Mbao nzito. Pazia la zambarau, nene. Ndani, giza kamili, kiti, na kibao cha kuegemea kinachotosha mabeseni mawili. Paroko huungamisha Jumamosi tu. Mzee Funguo ndiye mlinzi, na kuanzia saa nane yuko kwenye kiti chake, anaomba nguvu.

Kinakosa maji tu.

Kutoka kitubio hadi kisima cha ubatizo ni hatua kumi na moja. Nimepima.